Salamanda, Chura na Churamiti: Historia ya Jina la Mnyama wa Mitini

Mfasiri wa vitabu vya elimu ya viumbe hukabiliwa na matatizo ya namna mbili. Kuna jina lililozoeleka vitabuni ambalo mnyama wake hayumo nchini, na kuna mnyama aliyemo nchini ambaye hana jina la kumtofautisha na wenziwe. Tatizo la kwanza ndilo liletwalo mara nyingi mbele ya wasanifu wa istilahi, kwa sababu huonekana upesi: neno la kigeni limesimama katikati ya sentensi, na hapana budi lifanyiwe jambo. La pili halionekani, kwa kuwa hakuna mfasiri anayekwama kwa neno asilojua kuwa analihitaji. Twakusudia kueleza hapa, kwa njia ya historia, jinsi matatizo haya mawili yalivyokutana katika kundi moja la wanyama, nao ni amfibia waishio mitini, na jinsi Kiswahili kilivyojikuta kimempa mmoja wao jina kabla ya wenye lugha kuarifiwa.

Natuchukue mfano wa mwalimu wa Katoro. Hatuikusudii Katoro ya Bukoba, bali ile ya Geita, mji wa biashara ulio magharibi ya mji wa Geita, katika ukanda wa dhahabu uliokuwa chini ya Mkoa wa Mwanza mpaka Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012. Tuseme mwalimu huyo ana kitabu kinachomweleza salamanda wa mitini, aliye katika hatari ya kutoweka kwa sababu misitu anamokaa inakatwa. Mada ni nzuri, na kukatwa kwa miti si jambo geni kwa mtoto wa Katoro. Lakini mwanafunzi akiuliza salamanda ni mnyama gani, aghalabu atajibiwa kwamba ni namna ya mjusi. Jibu hilo ni jepesi, nalo si kweli.

Mjusi ana magamba na ngozi kavu. Salamanda hana magamba; ngozi yake ni laini na yenye unyevu, naye ni ndugu wa chura. Kinachomtenga na chura ni mkia, ambao chura huupoteza anapokoma kuwa kiluwiluwi. Zaidi ya spishi 800 za salamanda zimekwisha kuorodheshwa duniani, na familia iliyo kubwa kuliko zote kati yao haina mapafu kabisa, bali hupumua kwa ngozi na kwa utando wa kinywa. Mnyama wa namna hiyo hawezi kukaa pakavu. Hata hivyo wako waliopanda juu: katika misitu ya California hupatikana salamanda anayekaa katika matawi ya miti iliyo mirefu kuliko yote duniani, na katika Amerika ya Kati wako wanaojificha ndani ya mimea iotayo juu ya miti na kukusanya maji ya mvua katika mashina ya majani yake. Mti ukikatwa, nyumba na maji huanguka pamoja. Barani Afrika salamanda hupatikana kaskazini tu, yaani Moroko, Aljeria na Tunisia. Kusini mwa Sahara hayupo hata mmoja. Kwa hiyo mtu wa Katoro, wa Lamu, wa Bunia au wa Songea hakuwahi kuhitaji kumwita, na kukosekana kwa jina lake si upungufu wa lugha.

Hata hivyo jina latakiwa vitabuni, na njia za kukopa ni mbili. Neno la Kigiriki lilipita katika Kilatini likaenea katika lugha za Ulaya, na kwa njia hiyo twapata salamanda. Kiarabu na Kiajemi nazo zina samandal na samandar, na kama watu wa pwani wangalilihitaji neno hilo zamani, huenda leo tungekuwa na samandali. Wako watakaoona kuwa samandali lafaa zaidi kwa kuwa lafuata njia iliyozoeleka ya mikopo yetu. Sisi hatuoni hivyo. Kwanza, litachanganywa na msandali, ambao ni mti wenye harufu nzuri. Pili, katika masimulizi ya kale ya Kiarabu samandal ni kiumbe wa moto, pengine hata ndege, na aliyesoma vitabu hivyo atamfikiria mnyama mwingine kabisa. Ulaya nako ilikuwako imani kwamba salamanda haungui, hata Marco Polo, katika karne ya 13, ikambidi aeleze kuwa kile kitambaa kisichoteketea motoni si ngozi ya mnyama bali ni madini yaliyochimbwa ardhini yakasokotwa nyuzi. (Wachimbaji wa Geita wangalimwelewa upesi.) Na liwe salamanda basi, na lipatanishwe kama majina mengine ya wanyama: salamanda huyu, salamanda hawa. Kufanana kwake na neno salama ni kwa sauti tu.

Tatizo la kwanza limekwisha, na msomaji ameona kuwa halikuwa zito. Turudi nyumbani. Ni nani kwetu mwenye ngozi ya unyevu, akaaye mitini, aliye hatarini kwa sababu ya kukatwa kwa misitu? Ni chura.

Wafasiri hulalamika kwamba Kiswahili kina chura mmoja tu, ilhali Kiingereza kina majina mawili, moja la yule mwenye ngozi laini arukaye mbali, na la pili la yule mwenye ngozi ya mabaka na vipele atambaaye. Malalamiko haya hayana msingi mkubwa. Mpaka huo wa Kiingereza ni wa mazungumzo, wala sayansi yenyewe haiufuati. Wanyama wote hao ni oda moja, na neno chura lakaa sawasawa juu ya oda hiyo nzima. Mfasiri anayetunga majina mawili ili kuridhisha Kiingereza hujitwisha mzigo usio wake.

Upungufu uko kwingine. Neno amfibia lilipoingia katika vitabu vya shule liliingia pamoja na maelezo yake. Mwanafunzi huambiwa, kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo, kwamba amfibia hutaga mayai majini, mayai huangua viluwiluwi, na viluwiluwi hukua majini kabla ya kutoka nchi kavu. Maelezo hayo yawafaa vyura wa Ulaya, na wengi wa kwetu pia. Hayawafai vyura wa milima ya mashariki ya Tanzania, ambao ndio wanaoifanya nchi hii itajwe kila wataalamu wa amfibia wanapokutana. Mwaka 1905 Gustav Tornier, mtaalamu wa Berlin, alimtangaza chura kutoka iliyokuwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani ambaye hatagi bali huzaa. Jike huchukua mimba na kuzaa watoto walio vyura kamili, wala hapana kiluwiluwi anayeogelea mahali popote. Tornier alimtia katika jina lake neno la Kilatini lenye maana ya kuzaa hai, kwa kuwa jambo hilo ndilo lililomshangaza. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado maelezo ya darasani husema "hutaga majini" bila hata kutanguliza neno aghalabu. Kiswahili kina vitenzi vyote viwili, kutaga na kuzaa, na kila mtoto anayefuga kuku na mbuzi ajua kuvitumia. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, wakati wa kutafsiri, kama maelezo yale yalikuwa ya nchi hii.

Historia ya majina ya kisayansi ya vyura hawa yafundisha kitu pia. Mwaka 1926 G. K. Noble wa Marekani aliwaundia jenasi yao, Nectophrynoides, maana yake "mfano wa chura mwogeleaji," kwa sababu walifanana na chura wa Afrika ya Magharibi aliyekwisha kuitwa hivyo. Hivi ndivyo wanyama ambao hata watoto wao hawaogelei walivyopewa jina la kuogelea. Miaka miwili baadaye, yaani 1928, Thomas Barbour na Arthur Loveridge walichapisha uchunguzi wao wa wanyama watambaao na amfibia wa Uluguru na Usambara. Loveridge aliijua Tanganyika vizuri, maana alikuwa ametumikia idara ya wanyamapori kabla ya kwenda Harvard mwaka 1924, na alikuwa na desturi njema ya kuwauliza wenyeji majina na kuyaandika. Humo walitangaza vyura wadogo ambao mayai yao hukua katika maji yaliyotuama ndani ya mianzi na katika makutano ya majani ya migomba-mwitu. Vyura wa jenasi ile ya Nectophrynoides wanajulikana Tanzania tu, wengi wao wakilala usiku juu ya majani ya misitu ya milimani, na kila spishi aghalabu ina mlima wake au safu yake. Mwaka 2025 spishi nyingine tatu zilitangazwa, na majina zilizopewa ni uhehe, luhomeroensis na saliensis, yote yakitokana na mahali pao.

Lakini jina linalotuhusu zaidi lilikuwa limekwisha kutolewa mwaka 2002. Katika mwaka huo Alan Channing na William Stanley walimtangaza chura wa mitini kutoka msitu wa hifadhi wa Mamiwa-Kisara, katika milima ya Ukaguru, Mkoa wa Morogoro. Channing alikuwa mtaalamu wa vyura katika Afrika ya Kusini, na Stanley alikuwa wa makumbusho ya Field ya Chicago, mtu aliyeizunguka milima ya Tanzania kwa miaka mingi akikusanya wanyama wadogo. Chura waliyempata hakuingia katika jenasi yoyote iliyojulikana, wakamwundia yake peke yake. Hawakwenda kwenye Kigiriki wala Kilatini. Walimwita Churamiti maridadi.

Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kutafsiriwa. Ila yafaa tusimame kidogo hapa, maana jambo lililotendeka ni kubwa kuliko linavyoonekana. Jina la jenasi ni sehemu ya kwanza ya jina la kisayansi. Huandikwa kwa herufi kubwa, huingia katika kila orodha ya dunia, na halibadilishwi kwa matakwa ya mtu. Tokyo na Moscow mnyama huyu ni Churamiti. Neno lililoundwa kwa kanuni za Kiswahili, au kwa mfano wa kanuni hizo, limekuwa istilahi ya ulimwengu bila kupitia kamati yoyote ya istilahi.

Je, limeundwa vizuri? Yuko atakayesema kwamba ingalifaa kuwa churamti, kwa kuwa chura mmoja hukaa juu ya mti mmoja. Hoja hiyo haina nguvu. Twasema mwanamichezo, naye ni mtu mmoja na huenda anacheza mchezo mmoja tu. Nomino ya pili katika maneno ambatano ya namna hii hutaja jamii ya vitu, haihesabu. Churamiti basi ni jina lililosimama imara. Sehemu ya pili nayo imebahatika: maridadi ni kivumishi kisichochukua viambishi, twasema mtu maridadi, nguo maridadi, vyumba maridadi, na kwa hiyo hakuna mwanasayansi wa nje atakayekosea upatanisho wake. Kama wangalichagua -zuri, tungekuwa na mabishano mpaka leo.

Kazi iliyobaki ni yetu. Neno likishatoka katika Kiswahili likaenda kuwa Kilatini, laweza kurudi likiwa Kiswahili tena, kwa herufi ndogo, lipate wingi na matumizi ya kawaida. Kwa mfano wa wanamichezo, ambapo sehemu ya kwanza ndiyo ichukuayo wingi, twapendekeza vyuramiti. Twapendekeza zaidi ya hayo: churamiti lisibaki jina la mnyama huyu mmoja wa Ukaguru, bali liwe jina la jumla la vyura wote wakaao mitini, na yule mwenyewe aitwe churamiti maridadi. Hivyo mwalimu wa Katoro atakuwa na neno la kuwatajia wanafunzi wake, nao watamwelewa kabla hajamaliza kulitamka.

Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho kwa wataalamu wa nje kuchukua maneno ya huku. Mwaka 1970 mmea wa pwani ambao watu wa Mwambao waliujua tangu zamani kwa maua yake yanukiayo uliingizwa katika sayansi kwa jina la Mkilua. Nyani mdogo wa milima ya kusini, aliyetangazwa mwaka 2005, alipewa jina la kipunji, lile lile wanalotumia Wanyakyusa. Hayo mawili yalikuwa majina ya wenyeji yaliyochukuliwa kama yalivyo. Baadaye yakafuata maneno ya kuundwa, na hapa wenye kushika usukani wamekuwa wachimbaji wa mifupa: Asilisaurus kongwe na Pakasuchus mwaka 2010, Shingopana mwaka 2017, na mwaka 2019 Simbakubwa kutokaafrika na Mnyamawamtuka moyowamkia. Hatuna kinyongo na majina hayo, ingawa kutokaafrika si neno bali ni maneno mawili yaliyofungwa kamba, na Mnyamawamtuka yataka pumzi. Ila wote hao walikwisha kufa mamilioni ya miaka kabla ya mtu wa kuwaita. Churamiti yu hai. Waliopata kuonwa ni wachache mno, na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira Asilia limemweka katika daraja la walio hatarini kabisa, ambalo ni la mwisho kabla ya kutoweka porini.

Daraja linalofuata hapo twalijua pia, maana ndugu yake mmoja amekwisha kulipitia. Chura wa Kihansi hakai mitini. Makazi yake ni majani mafupi na ukoga wa majabali katika korongo la mto Kihansi, Udzungwa. Aligunduliwa mwaka 1996, na jina lake la kisayansi, asperginis, latokana na neno la Kilatini litajalo maji yarukayo. Mtu mzima wake hafiki sentimita 3. Eneo lote alilokuwa nalo duniani lilikuwa la hekta 2 hivi, likiloweshwa usiku na mchana na maji ya maporomoko. Wakati huohuo bwawa la umeme lilikuwa linajengwa juu ya maporomoko hayo, la mitambo ya megawati 180. Mwaka 2000 maji mengi ya mto, kama asilimia 90, yaligeuzwa kwenda mitamboni, na korongo likaanza kukauka. Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walipelekwa Marekani, katika bustani ya wanyama ya Bronx, wakatunzwe huko. Mabomba ya kunyunyiza maji yaliwekwa korongoni, na mwaka 2003 vyura walihesabiwa kwa maelfu. Kisha katika mwaka huohuo wakafa kwa wingi, na katika waliokufa ikaonekana kuvu iitwayo kitridi, ambayo imewaangamiza amfibia katika mabara mengi. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa kwa ndege na kutunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu mwaka 2012 wengine wameachiliwa katika korongo lao.

Katika habari hii mna jambo la istilahi lisilo dogo. Yale maji yarukayo kutoka maporomokoni tutayaitaje? Mfasiri mwenye haraka atayaita mvuke, lakini mvuke ni maji yaliyogeuka kuwa hewa, nayo hayalowani majabali mpaka yawe maji tena. Mwingine atayaita ukungu. Hilo ni baya zaidi, kwa sababu ukungu pia ni ile hali ya kuoza ionekanayo juu ya mkate wa zamani, na wengi huita kuvu kwa jina hilohilo. Msomaji ataambiwa kwamba chura wa Kihansi aliishi kwa ukungu na akafa kwa ukungu, naye atakuwa na haki ya kukifunga kitabu. Twaona neno ni manyunyu, ambalo kila mtu alijua kwa mvua nyepesi, na ugonjwa uitwe wa kuvu. Kwa sababu hiyohiyo msitu wa milimani ambao mawingu huukalia muda mwingi wa mwaka, kama ule wa churamiti, uitwe msitu wa mawingu, wala usiitwe msitu wa ukungu.

Jina chura lenyewe lina mzigo wake. Methali yasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na katika masimulizi yetu chura aghalabu ni kelele tu, au ni kitu cha kuchukiza. Vyura wa Kihansi walipopandishwa ndege, watu wengi nchini waliyageuza mambo yao kuwa mzaha: taifa lina kiu ya umeme, na chura anasafirishwa. Hatuwalaumu. Umeme wa Kihansi huingia katika gridi ya taifa, na gridi hiyo ndiyo iendayo mpaka Shinyanga na Mwanza; asiyewahi kukaa gizani asimcheke anayetaka taa. Lakini mzaha ule ulikuwa rahisi kwa sababu neno lilikuwa chura tu. Kila mtu alifikiri wanaongelewa wale wa dimbwi la nyuma ya nyumba, ambao hawaishi. Hakuna aliyekuwa na neno la kumwonyesha kwamba huyu alikuwa mwingine, tena huzaa, tena hakuwapo mahali pengine popote.

Hapo ndipo ukanda wa Geita unapotusaidia kufikiri. Pengine hakuna sehemu ya nchi iliyounda maneno kwa wepesi katika miaka hii kama ukanda huo. Mchimbaji mdogo ana duara, ambalo ni shimo lake. Ana mwalo wa kuoshea mawe yaliyosagwa, na karasha la kuyasagia. Kwenye rashi, yaani mahali dhahabu ilipozuka upya, watu humiminika kutoka kila upande. Na mabaki yanayochenjuliwa mara ya pili ni marudio. Maneno mengine yametoholewa, mengine yamepewa maana mpya, na hakuna aliyengoja orodha kutoka Dar es Salaam. Magogo yanayopangwa ndani ya duara ili udongo usiporomoke huitwa matimba. Neno hilo lilitoka katika Kiingereza, likavaa ngeli yake, na leo lina bei yake na wafanyabiashara wake. Vivyo hivyo jirani zao wa Kisukuma walikuwa na ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili lifunguliwe wakati wa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 ulilichukua neno hilo badala ya kutunga jingine, na mpaka mwanzoni mwa karne hii ngitili zilikuwa zimerudisha miti katika zaidi ya hekta 300,000. Leo neno ngitili limo katika taarifa za mashirika ya kimataifa, nayo huliandika bila kulitafsiri.

Maneno hayo yalikuja kwa sababu mikono ya watu iliyahitaji. Hakuna anayeweza kukaa duarani asijue matimba. Mnyama wa urefu wa kidole gumba, alalaye juu ya jani katika msitu ambao ni wachache wanaoupanda, hatapata jina kwa njia hiyo hata kidogo. Matimba hutoka katika miombo, na miombo ni neno la Kibantu lililokwisha kuenea katika vitabu vya misitu duniani kote; mti ukaangushwa, mtu akajua jina lake na kazi yake. Msitu wa mawingu unapofyekwa kwa shamba au moto unapopanda kutoka bondeni, kitokacho ndani yake hakikuwa na jina hata la kukosewa. Twasema haya kwa watumishi wa serikali hasa, maana hao ndio waandikao matangazo ya hifadhi na mabango ya mipakani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 huita miombo msitu, na huita ule wa Mamiwa-Kisara msitu, na kwa kazi ya sheria hiyo yatosha. Kwa kazi ya bango haitoshi. Mtu wa Geita akisoma "usikate miti, utaharibu makazi ya wanyama," atafikiria swala na ngiri, ambao wakikimbia wataishi kwingine. Churamiti hana pa kukimbilia, maana chini ya mawingu ni pakavu. Neno makazi lenyewe, tuseme kwa kupita, limezoeleka maofisini kwa nyumba na viwanja, lakini halina ubaya likiambatanishwa na mnyama wake.

Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, na vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilipoanza kutoka mwaka 1974, istilahi zilizotangulia zilikuwa zile zilizotakiwa maofisini, na hivyo ndivyo ilivyopasa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili nayo ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, miaka 12 kabla ya churamiti kutangazwa. Kwa hiyo twaweka hapa vidahizo vitatu, vijadiliwe na walimu na wafasiri kabla ya kupelekwa mbele:

Salamanda: amfibia mwenye mkia na miguu, ngozi laini yenye unyevu na isiyo na magamba, hapatikani Afrika kusini mwa Sahara.

Churamiti (wingi: vyuramiti): chura yeyote akaaye mitini, hasa churamiti maridadi, anayejulikana katika milima ya Ukaguru tu.

Amfibia: mnyama mwenye uti wa mgongo na ngozi yenye unyevu isiyo na magamba, ambaye aghalabu hutaga mayai majini, na ambaye katika milima ya mashariki ya Tanzania wako wanaozaa.

Katika kidahizo cha tatu wako watakaotaka sehemu ya mwisho iondolewe kwa kuwa fasili haipaswi kutaja nchi. Sisi twaomba ibaki mpaka vitabu vya shule vitakaposahihishwa.